Ndoto Niliyomsingizia Baba

Kwa Mama yangu mpendwa, Kimulot.

Mama, pokea salamu zangu ukiwa umekaa, maana barua ni ndefu na goti lako nalijua. Macho yanasemaje? Ile dawa ya matone bado unaitia, ama chupa iliisha ukasema utanunua nyingine siku utakayoenda Bomet? Ng'ombe mweusi amezaa? Na chai ya upande wa msitu imepata nafuu tangu ile mvua ya mawe? Mimi nipo. Huku baridi imeanza kulegea, miti inatoa majani, na saa moja jioni jua bado liko juu halina haraka. Nakula vizuri, ingawa unga wa ugali wanaouza huku ungemchekesha hata kuku wako.

Barua hii nimempa muuguzi mmoja wa Bomet anayekuja nyumbani likizo. Ameahidi kuileta mwenyewe mpaka mlangoni. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yako unaiweka sauti kubwa mpaka wapita njia wanaitikia salamu, na haya ninayotaka kusema siwezi kuyasema huku jirani akiniuliza katikati kama nimeona theluji. Najua pia kwamba macho hayatakuruhusu kuisoma. Atakayekusomea ni Chebet. Kwa hivyo wewe Chebet, mdogo wangu, nakusalimu pamoja na hiyo sauti yako. Soma yote. Ukifika mahali panapokuuma usiruke, na ukifika mahali panaponiumbua mimi usicheke mpaka umalize.

Mama, nina wivu. Naanzia hapo kwa sababu yote mengine yametoka hapo. Nina wivu na mtoto wako wa mwisho, huyu anayekusomea.

Unajua kazi yangu ni kumtunza Mzee mmoja aliyepita miaka themanini. Miguu imemkataa, lakini ulimi bado ni mzima. Akiwa kijana alisafiri peke yake kwa baiskeli, nchi baada ya nchi, na ramani zake zimejaa ukuta wa chumbani kama picha za watakatifu. Nikimwogesha ananisimulia. Nikimlisha ananisimulia. Nami kila Jumapili nilikuwa nampigia Chebet na kumpa hadithi hizo zikiwa bado moto: jinsi Mzee alivyokuwa akichuja maji, alivyojifunza kulala mahali salama, alivyoanguka akaokotwa na wachungaji wa kondoo. Nilikuwa nasema, "Siku moja na mimi, Chebet. Nikirudi nitanunua baiskeli, nizunguke ziwa lote la akina Mama, nitoke Isebania mpaka Mwanza, nipite Bukoba, nipite Uganda, niingilie Busia." Nilisema mimi! Yeye alikuwa anatafuna mahindi upande wa pili wa simu, nikimsikia.

Sasa aliyenunua baiskeli ni yeye. Mwenye likizo ya wiki tatu pale kituo cha kupimia majani chai ni yeye. Atakayezunguka ziwa ulilozaliwa kando yake ni yeye, na mimi nitabaki huku nikikunja shuka. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mama, nimekonda.

Mwanzoni nilijikaza. Chebet aliponiuliza swali nililipeleka kwa Mzee, na jibu nikalirudisha. Mzee alifurahi mpaka akaomba aketi kitini badala ya kitandani. Alisema watu wengi wanaosafiri hivyo hujiandaa kwa ushujaa, na ushujaa hauzibi pancha. Akasema andaa vitu vya kuchosha: chanjo na cheti cha homa ya manjano, bima, nakala za pasipoti, dawa ya malaria, breki mpya, kioo cha kuona lori linalokuja nyuma. Amua sasa, ukiwa umeshiba na umetulia, kwamba jua likishuka hutaendesha hata kama mji uko karibu. Halafu amua nani atafanya nini siku utakaponyamaza.

Basi kijiji kizima kikashika kazi hiyo. Chebet alikuwa akinipigia kunieleza na mimi nikisema "vizuri, vizuri" kama mtu anayemeza kwinini. Mjomba Ochieng' pale kibandani kwake cha ufundi senta alimfundisha kuziba pancha akiwa amefungwa macho na kitambaa, eti siku ya mvua hatauona huo mpira. Sista wa dispensari alimfundisha kufunga jeraha na kujipima homa. Mchungaji alimtafutia makanisa ya kulala njiani. Wewe mwenyewe Mama, ambaye hukuwahi kupanda baiskeli, ulimshonea mfuko wa siri ndani ya suruali wa kuweka pasipoti.

Halafu siku ya Jumatano akanitumia picha mbili. Picha hizo ndizo zilizonimaliza.

Ya kwanza ilikuwa karatasi aliyoandika kwa mkono wake mzuri wa karani. Juu ameandika, "Nikinyamaza siku nzima." Chini yake kuna majina: wewe, Mjomba, sista wa dispensari, mchungaji, na yule mwalimu wake wa darasa la nne ambaye sijui hata anatafuta nini hapo. Watu watano, kila mmoja na kazi yake. Wewe umeandikiwa, "Mama asilie, ampigie Mjomba kwanza." Nilicheka. Kisha nikasoma tena kutoka juu, nikageuza simu, nikakuza picha. Jina langu halikuwemo.

Chebet, najua utasema ni kwa sababu niko mbali. Najua. Lakini hatari yote ya hiyo safari umeijulia kwangu, na ulipokaa kuhesabu watu wako, mwalimu wa darasa la nne akanipita.

Picha ya pili ilikuwa ya baiskeli imepakiwa, mbele ya kibanda cha Mjomba. Hapa Mama nataka usikilize vizuri. Walikuwa wameipakia jinsi Baba alivyokuwa akipakia majani ya chai kupeleka kituoni: mzigo wote nyuma, umepanda juu mpaka mabegani, umefungwa kwa mipira ya tyubu. Sisi watu wa chai hatujui mzigo mwingine. Kwa gunia la majani ni sawa, kwa sababu gunia ni kubwa lakini jepesi, na kituo kiko karibu, na kwenye mlima Baba alikuwa anashuka akasukuma. Lakini hema, sufuria, spana na lita nane za maji ni kitu kingine. Ukivipandisha vyote nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi halisikii usukani, na kwenye mteremko mkia unaanza kuyumba. Mzee alishanieleza hilo zaidi ya mara tatu. Alivunjika jino kwa sababu hiyo hiyo.

Nililiona kosa mara moja. Nilijua pia kwamba Jumamosi Chebet angejaribu baiskeli ikiwa na mzigo, ashuke mpaka Fort Ternan akalale kwa rafiki yake. Nikamwandikia, "Nimeona. Imependeza."

Haki ya Mungu, hivyo ndivyo nilivyoandika.

Kesho yake nikakupigia wewe. Unakumbuka. Uliitoa ile sauti kubwa ukaenda nyuma ya nyumba, kwa sababu nilikuambia ni jambo la siri.

"Mama, nimeota Baba."

Ukauliza, "Alikuwa amekaa namna gani?"

"Alikuwa amesimama barabarani, amevaa ile aproni yake ya kuchunia chai. Ameshika baiskeli ya Chebet. Haina mtu."

"Woi! Haina mtu?"

"Haina mtu, Mama. Na Baba hakusema kitu, alikuwa ananiangalia tu."

"Lili, hii maneno usiambie mtu mwingine. Wacha mimi niongee na Mungu kwanza."

Wewe ni mama wa kanisa, kitambaa chako cha Jumapili hakina hata kunyanzi moja. Lakini kwenu ziwani ndoto ya marehemu haipuuzwi, na huko kwa akina Baba haipuuzwi vilevile. Kwenye Kiswahili, Kijaluo na Kipsigisi, mlikubaliana mambo machache wewe na Baba, na hilo lilikuwa moja. Nilijua ninachofanya.

Jumamosi Chebet akashuka. Kwenye ule mteremko wa kuingia Fort Ternan mkia ukayumba, gurudumu la mbele likakosa kumsikiliza, akaanguka kwenye changarawe. Goti na kiwiko vikachubuka. Namshukuru Mungu hakukuwa na lori. Ulinipigia jioni hiyo ukilia, ukasema, "Umeona? Baba yenu ameongea. Nikingoja aongee mara ya pili nitazika mtoto." Ukaniambia umeifungia baiskeli kwenye stoo ya mahindi, na likizo ya Chebet inaanza baada ya wiki mbili, na hataenda popote. Mimi nikasema, "Afadhali, Mama." Nililala vizuri siku hiyo. Nasema ukweli wote, hata huo.

Kilichoniamsha ni Mjomba. Alinipigia Jumanne, na unajua yeye hupiga tu akiwa na jambo.

"Lili, hapa nyumbani si kuzuri," akaniambia. "Msichana haongei na mtu. Na mama yako kila asubuhi anaenda kwa kaburi na kikombe ya maziwa. Anamwaga, anauliza baba yenu amekasirikia nini. Juzi nimemkuta amepiga magoti kwa umande. Anasema labda ni yeye amekosa, labda ni ile kona ya shamba aliuza. Sasa wewe ndiye uliota. Hebu fikiria vizuri. Hakusema kitu kabisa?"

Mama, Baba hakusema kitu kwa sababu Baba hakuja. Sikuota. Nilikuwa macho, nimekaa kwenye kiti cha jikoni cha watu, nikatunga. Ile aproni niliitia makusudi nikijua itakukata. Baba hajakukasirikia kwa kona ya shamba wala kwa lolote. Usipige tena magoti kwenye umande na hilo goti. Amelala, mwache alale. Aliyekosa ni mimi, na aliyemwangusha Chebet ni mimi, kwa sababu nilitangaza hatari ya uongo na ile ya kweli nikainyamazia nikiwa nimeiona kwa macho yangu.

Chebet, hapa pumzika unywe maji. Kisha endelea.

Kuna jambo lingine, na sikuwaambia kwa miaka miwili. Mficha maradhi, kifo humuumbua, kwa hivyo nalitoa lote leo. Majira yangu ya kwanza ya baridi huku, asubuhi moja nikienda kazini, niliteleza kwenye barafu nikavunjika mkono wa kushoto. Nilijipeleka hospitali. Dada wa mapokezi alikuwa mpole sana. Akauliza jina, nikamwambia. Akauliza tarehe ya kuzaliwa, nikamwambia. Akauliza, "Tumpigie nani?"

Nikampa namba ya yule ajenti aliyenileta. Imezimwa. Nikampa namba yako, Mama. Akaniambia kwa upole, "Mtu aliye karibu, mpenzi. Mtu anayeweza kuja." Nikafikiria. Dada wa watu aliningoja, akaninyooshea hata kalamu nikitaka kuandika mwenyewe. Nilichora mstari mahali pa jina. Wiki zile sita nilizokuambia ajenti amenipa likizo, nilikuwa na plasta. Uliniambia, "Pumzika, mama, umefanya kazi sana." Nilipumzika nikijifunga viatu kwa mkono mmoja.

Sikulaumu. Siku ya kuondoka kwangu mlichinja mbuzi. Shangazi alinitemea maziwa kifuani akanibariki. Mchungaji aliomba mpaka ndizi zikapoa. Watu waliniambia nisisahau nyumbani, wakaniagiza simu na viatu. Hakuna aliyeniuliza nikianguka nitampigia nani, na mimi pia sikujiuliza. Tulidhani mtu anayepanda ndege hawezi kuanguka. Chebet anayepanda baiskeli ndiye tuliyemwonea huruma.

Ndiyo maana ile karatasi yake iliniuma hivyo. Baiskeli ningeweza kumsamehe. Hata ziwa ningemsamehe. Lakini kuona watu watano wameketi, kila mmoja amepewa kazi yake siku mtoto mmoja akinyamaza, na mimi nimenyamaza miaka miwili bila mtu kushtuka, hapo nilishindwa. Nilitaka na yeye akae nyumbani. Nilitaka tuwe sawa.

Sasa nisikilizeni wote wawili, maana siku zilizobaki ni chache.

Mama, fungua stoo umtolee Chebet baiskeli yake. Kama bado moyo unakataa, kataa kwa sababu zako mwenyewe, si kwa ndoto yangu, na umweleze hizo sababu ana kwa ana ajibu. Ana miaka ishirini na sita. Amejiandaa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akitoka Kimulot, nikijihesabu.

Chebet, ondoa ule mzigo wote uanze upya. Vitu vizito vikae chini, karibu na ekseli ya gurudumu, na vigawanye pande mbili sawasawa. Mwambie Mjomba akuchomelee vishikio vya gurudumu la mbele, kila upande kimoja, maji yakae huko. Nyuma juu weka hema na nguo tu. Gunia la chai lisahau. Ukimaliza, inua baiskeli kwa usukani: kama mbele inanyanyuka kama karatasi, bado. Kwenye mteremko usikamatie breki kutoka juu mpaka chini, zitashika moto. Kamata, achilia, kamata. Rudi tena Fort Ternan kabla ya safari, ushuke mahali palepale ulipoanguka. Ukishuka salama, hapo ndipo umekuwa tayari. Ukiyumba hata kidogo, ahirisha, nami nitakuwa wa kwanza kukwambia ahirisha, na safari hii uniamini ukitaka, usiniamini ukitaka. Kwa hilo muulize Mzee mwenyewe. Nimemweleza yote. Akasema anataka kuongea nawe kwa simu ya picha kila jioni mpaka uondoke. Nitakuwa hapo nikitafsiri. Sitaongeza neno langu.

Kuhusu ile karatasi, sitakuomba uniandike. Nilipewa nafasi ya kukulinda nikiwa nimeshika simu mkononi, nikaandika "imependeza." Mimi ningekuwa wewe nisingeniandika. Na usidhani wivu umeniisha kwa kuandika barua. Bado upo, umekaa hapa kando yangu umekunja nne. Ukituma picha ukiwa Mwanza nitatukana kwanza, halafu nitaangalia vile umefunga mzigo.

Nisalimie Mjomba, mwambie nashukuru kwa kunipigia, na kazi yake ya kuchomelea nitaikagua kwa picha. Nisalimie Shangazi aliyenibariki. Mwambie baraka zilishika, mkono uliunga vizuri. Nisalimie sista wa dispensari na mchungaji, na jirani yetu mwenye maswali, mwambie ndiyo, theluji niliiona. Hata huyo mwalimu wa darasa la nne msalimie, ingawa sijamaliza naye.

Mama, utakasirika, na una haki. Ukasirike upande wa huku, usimgeuzie Chebet hata kidogo. Nipige simu unigombeze, uiweke sauti kubwa ukitaka, Kimulot yote isikie mtoto wako wa kwanza alimsingizia baba yake. Nitapokea. Na ukishamaliza, ukishatulia, kabla hujakata simu, naomba uniulize na mimi: Lili, huko uliko, ukianguka tumpigie nani?

Sina jibu bado. Lakini niulize.

Ni mimi binti yako,
Lilian